Siku Saba za Asekenye

Habari hii alinipa Osukuku mwenyewe, wiki ya pili ya Februari mwaka huu, siku aliyokuja kuazima pampu ya baiskeli akanikuta natwanga karanga. Pampu nilimpa saa nne. Mpaka adhuhuri bado alikuwa kwenye kigoda changu anasimulia, na karanga nusu amezimaliza yeye. Ninaiweka kama alivyoiweka, ila pale alipojipunguzia makosa nimemrudishia, maana tumekua pamoja na ninamjua.

Osukuku anakaa nyuma ya Malaba, pale barabara ya murram, ile ya kokoto nyekundu, inapoyaacha maduka na kuingia kwenye mihogo. Alikuwa mtu wa boda enzi zile boda ilikuwa baiskeli, si pikipiki, akivusha watu na magunia kati ya geti la Kenya na geti la Uganda mpaka magoti yakamkatalia. Akarudi shambani, lakini baiskeli hakuiuza. Mke wake, Asekenye, alifariki. Binti yake, Apolot, anauza mitumba Busia na amepanga chumba upande wa Mundika. Mtoto wa Apolot ndiye anakaa na Osukuku. Baba wa mtoto alishika njia zake, nasi hatutamfuata. Mtoto huyo naye anaitwa Asekenye, msichana mdogo mwenye sauti ya mtu mzima, anayesalimia kuku mmoja mmoja asubuhi na kukasirika asipoitikiwa.

Mwisho wa Novemba shule ya kijiji ilitangaza kuandikisha watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Wiki mbili nzima kabla ya siku hiyo, Osukuku alimfundisha mjukuu wake mtihani. Mtihani anaoujua ni mmoja tu, ule tuliopimwa sisi sote zamani: unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukilishika sikio la kushoto umekuwa mkubwa, ingia shule. Usipolishika, rudi nyumbani ukachunge.

"Nyoosha mkono."

"Umenyooka, Babu."

"Haujanyooka. Sikio liko wapi?"

"Liko hapa. Lakini liko mbali."

Siku ilipofika, mtoto alipakwa mafuta mpaka akateleza kama samaki, wakaenda. Mwalimu Winny, mama mpole mzaliwa wa Matayos, alikuwa mezani na kompyuta yake ndogo. Kabla hajauliza neno, Osukuku akamsimamisha mtoto mbele yake.

"Mwalimu, usiandike kwanza. Tazama."

Asekenye akapitisha mkono. Ulipofika utosini ukakwama. Basi akalaza kichwa begani, akakilaza zaidi, mwili wote ukapinda kama mhogo wa mawe, mpaka sikio lenyewe likaja kukutana na kidole.

"Nimelishika!"

"Umelishika kweli," mwalimu akasema, akicheka mpaka akafuta macho. "Lakini Mzee, siku hizi hatupimi sikio. Tunapima cheti."

"Cheti kipo." Osukuku akakitoa kwenye karatasi ya plastiki iliyokuwa ndani ya karatasi nyingine ya plastiki. Mwalimu akakisoma, akakirudia.

"Mzee, huyu amezaliwa tarehe nane Januari."

"Ndiyo."

"Sasa, shule yetu inachukua mtoto aliyetimiza miaka minne kufikia siku ya mwaka mpya. Huyu atatimiza siku saba baadaye."

"Siku saba tu?"

"Saba."

"Mwalimu wangu, siku saba ni nini? Mimi mbuzi nikimkosa sokoni wiki hii, ninampata wiki ijayo."

"Mbuzi hana cheti, Mzee. Nikiingiza hii tarehe, hii mashine inahesabu yenyewe, inamkataa. Hata angekuwa mtoto wangu."

Wazazi waliokuwa wamepanga foleni wakacheka. Osukuku naye akacheka. Lakini alijua ile tarehe nane ilitoka wapi.

Mwalimu hakumfukuza. Alimvutia kiti akamweleza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Anaweza kungoja, mwakani Asekenye ataingia bila shida, tena atakuwa ameiva kuliko wenzake. Kama kungoja ni kugumu, kuna shule za kulipa mjini zisizouliza sana. Ng'ambo, upande wa Uganda, wanafungua Februari na nasari zao huchukua hata wa miaka mitatu, wako watoto wengi wa Malaba wanaovuka kila siku. Na kuna bebi klasi ya kanisa hapo Malaba, karibu na malori, kwa Mwalimu Benedetta. "Kama cheti kina kosa," akamalizia, "hilo ni jambo lingine. Linarekebishwa Busia. Kina kosa?"

"Nitauliza nyumbani," Osukuku akasema.

Alipogeuka kumchukua mtoto, alimkuta ameshaketi kwenye kiti kidogo cha mbele, mikono juu ya meza, anangoja kufundishwa. Ilibidi abebwe. Njia nzima hakulia. Aliuliza tu, "Babu, siku saba ni mbali kama sikio?"

Sasa nieleze hiyo tarehe.

Apolot alikuwa amekuja nyumbani Krismasi na mimba yake, na tarehe ishirini na tisa Desemba uchungu ukamshika, na mtoto hakungoja pikipiki. Alipokelewa na Aguti, dada yake Osukuku, hapo hapo nyumbani. Kwa Wateso wetu mtoto mchanga haharakishwi jina. Anakaa ndani na mama yake, na siku ikifika mwanamke mkubwa wa ukoo anachovya kidole kwenye ajon, pombe yetu ya wimbi, ncha tu ilowe, anamtilia mtoto mdomoni huku akitaja jina la mtu wa ukoo aliyetangulia. Mtoto akitema, jina limekataliwa. Akinyonya, limekaa.

Siku hiyo ilikuwa tarehe nane Januari. Aguti alitaja jina la kwanza, mtoto akatema. La pili, akalia. La tatu akasema, "Asekenye." Mtoto akakishika kile kidole kwa ufizi akanyonya mpaka Aguti akapiga kelele, "Huyu atakula na kucha!" Wanawake wakapiga vigelegele. Osukuku, ambaye mke wake wa jina hilo alikuwa hajamaliza miaka miwili kaburini, alitoka nje akasema anakwenda kutafuta mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa mbele yake.

Apolot alikuwa bado dhaifu, kwa hiyo wiki iliyofuata ni Osukuku aliyekwenda kwa naibu chifu Ochom kutoa taarifa ya uzazi. Ochom akamuuliza, "Alikuja lini?" Osukuku akajibu kwa moyo wote, "Tarehe nane." Hakudanganya mtu. Kwake yeye, kabla ya hapo ndani ya ile nyumba kulikuwa na mtoto mchanga tu. Asekenye alikuja tarehe nane. Cheti kilipotoka alikiweka kwenye sanduku la marehemu, na kwa miaka minne hakuna mtu aliyekifungua.

Jioni ya ile siku ya kuandikisha, Apolot akapiga simu kutoka Busia.

"Papa, wamemchukua?" Huko kwetu Papa ni baba.

"Wamesema bado siku saba."

"Saba za nini? Si huyu ni mtoto wa Desemba!"

"Cheti kinasema Januari."

"Nani aliandika Januari?"

Osukuku akahamishia simu sikio la pili.

"Papa? Unanisikia?"

"Network inakwenda," akasema, na mnara wa simu uko nyuma ya choo chake.

"Basi nisikie kabla haijakwenda. Mimi nilianza darasa la kwanza na miaka minane. Nilikuwa naketi nyuma, magoti yanagonga meza, wananiita Mama Klasi. Unakumbuka? Mtoto wangu hatachelewa. Kama shule hiyo haimtaki, Januari namleta huku. Kuna bebi klasi nyuma ya plot yetu, wanachukua wa miaka mitatu, wanakaa nao mpaka jioni. Na huyo naibu chifu nitamwona Krismasi. Ataniambia alisomea wapi kuandika."

Osukuku akaweka simu mezani, akakaa. Alimkumbuka huyo Mama Klasi. Wakati ule alikuwa na mbuzi kumi na mmoja na hakuna wa kuwachunga, na kila Januari alimwita Apolot uani kumpima sikio, na kila Januari alitangaza kwamba mkono bado. Alijua kazi ya hiyo "bado". Sasa huyu mdogo alikuwa amelala kwenye mkeka na mguu mmoja juu ya paja la babu, kama mtu aliyefunga mlango wake. Osukuku aliitazama nyumba. Nyumba ya mjane ni sufuria moja na redio. Alikuwa ameikaa hivyo mwaka mzima kabla ya mtoto kuja, akijibu redio.

Krismasi ikafika, Apolot akaja na unga, mchele, na gauni la mtoto. Siku ya pili baada ya sikukuu akajifunga leso kiunoni akaenda kwa Ochom. Osukuku akafuata nyuma, kwa sababu kubaki kulikuwa kubaya zaidi.

Ochom alikuwa chini ya banda lake na wageni, wanakunywa chai.

"Yoga noi, Mzee," Apolot akaamkia kwa Kiteso, maana hata mwenye hasira husalimia. Kisha akaanza. "Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini uliandika mtoto wangu vibaya. Nina kitabu cha kliniki hapa, Desemba ishirini na tisa, daktari ameandika. Wewe umemwandika Januari nane. Ulikuwa unaandika ukifikiria nini? Chakula?"

Wageni wakatazama chai zao. Ochom ni mtu mnene, mpole, anayetoka jasho upesi. Akaingia ndani, akakaa huko, akarudi na daftari kuukuu limeliwa pembe na mende. Akafungua. Akasoma kwa kidole.

"Mtoto wa kike. Tarehe nane. Aliyeleta taarifa..." Kidole kikasimama. Akamtazama Osukuku. Hakumalizia.

Na hapa Osukuku aliniambia angeweza bado kunyamaza. Ochom angemfichia, wamecheza ajua, bao la kwetu, pamoja miaka mingi. Lakini aliona Apolot anavuta pumzi kumrudia yule mtu kwa mara ya pili, mbele ya wageni wake, juu ya kosa lisilo lake.

"Ni mimi," akasema. "Mwache Ochom. Aliniuliza, nikamwambia nane. Ile siku Aguti alitaja jina la mama yako, na mtoto akalishika. Mimi nilihesabu kutoka hapo. Siku zile kumi za mwanzo sikuzihesabu."

Mgeni mmoja akaondoa nzi kwenye mkate ambao haukuwa na nzi.

Apolot hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimwomba Ochom radhi, akapokea barua aliyomwandikia ya kupeleka Busia pamoja na kitabu cha kliniki, akaambiwa kwamba hayo marekebisho si kazi ya wiki moja, yanaweza kula miezi, na shule inafunguliwa mara tu baada ya mwaka mpya. Akashukuru. Njiani alitangulia hatua ishirini mbele. Walipofika kwenye mihogo yao akasimama bila kugeuka.

"Papa, mimi ulinichelewesha na sikio. Huyu umemchelewesha na kidole."

"Apolot..."

"Jumamosi kabla ya kufungua nakuja kumchukua. Nguo zake usifue. Nitafua mwenyewe."

Akarudi Busia siku hiyo hiyo. Mtoto akamuuliza babu yake kwa nini Mama amesahau kunywa chai.

Asubuhi yake Osukuku aliishusha baiskeli, akaipanguza, akampandisha Asekenye kwenye kiti cha nyuma, wakaenda mpaka bebi klasi ya kanisa. Mwalimu Benedetta anakaa pale pale uani. Ni mama wa makamo, amelea watoto wa watu tangu ujana, haongei sana.

"Tunapokea," akasema. "Miaka mitatu, mitatu na nusu, tunapokea. Wanacheza, wanajifunza rangi, wanakunywa uji, saa sita wanaenda nyumbani. Lakini mnatoka wapi?" Osukuku akamwambia. Akatikisa kichwa. "Wa mbali huwa wanaacha mwezi wa pili. Mvua, malori, mzazi amechoka. Mtoto akizoea, anakatwa. Na geti langu nafunga saa mbili kasoro robo, sifungulii mtu."

"Nitamleta."

"Wote wanasema hivyo, Mzee."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu alijua mtu mwingine ambaye angelisema. Akafikiri njia nzima ya kurudi. Na alichokifikiri kilikuwa kitu cha watu wa boda wa zamani. Boda mwenye heshima hakumbeba abiria kwenye njia ambayo hajui saa zake. Kwanza aliipita tupu, asubuhi na jioni, mpaka ajue wapi malori yanafunga, wapi mchanga unakamata gurudumu, wapi mbwa. Ndipo alipomwambia mtu, panda, nitakufikisha saa fulani.

Kwa hiyo kesho yake akaanza. Saa moja kasorobo alikuwa barabarani, mtoto nyuma amevaa sweta na kofia, wanakwenda shule iliyofungwa. Walifika saa mbili na dakika tano, kwa sababu foleni ya malori ilikuwa imeziba njia ya kando na dereva mmoja alikuwa amelala huku mlango wa lori lake umeachwa wazi. Siku ya pili walichelewa dakika tatu, kwa sababu Asekenye alitaka kumsalimia bata mzinga. Siku ya tatu Osukuku aligundua njia ya nyuma ya kinu cha posho, pale wanaposagia unga. Wakafika saa moja na nusu. Akashuka, akaegemeza baiskeli kwenye geti lenye kufuli, akatazama saa ya simu yake, akampandisha mtoto tena, wakarudi.

Mbele ya geti lile Edinah anauza chai na mandazi kwa madereva. Siku ya kwanza alidhani mzee amepotea. Siku ya tatu akaanza kumtania kwa sauti, madereva wasikie.

"Mzee! Shule imefungwa mpaka Jumatatu!"

"Najua."

"Sasa unaleta mtoto kusomeshwa na kufuli?"

"Naifundisha baiskeli njia."

"Na hii baiskeli ni nzito kichwa, eh? Siku tatu bado haijaelewa?"

"Inaelewa. Mimi ndiye nilikuwa nimesahau."

Asekenye naye kutoka nyuma, "Sisi tunakuja shule ya kufuli!" Madereva wakacheka, mmoja akampa andazi. Kuanzia hapo andazi likawa sehemu ya ratiba, dakika mbili, na Osukuku alilihesabia.

Jumamosi ikafika. Apolot alikuwa ameahidi kuja mchana, lakini hakupata usingizi, basi akapanda gari la kwanza kutoka Busia, akashuka Malaba saa moja na robo. Mkononi alikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni, mtupu, wa kutia nguo za mtoto. Akapita kwa Edinah kununua mkate. Akaketi kidogo kwenye benchi, kwa sababu miguu haikuwa na haraka ya kwenda ilikokuwa inakwenda.

Ndipo akaona baiskeli inatokea nyuma ya kinu.

Baba yake alikuwa amevaa koti la kanisani. Alikuwa anakanyaga polepole, goti la kushoto linatoka nje kidogo kila mzunguko, kama alivyokumbuka. Nyuma yake mtoto alikuwa ameshika koti kwa mikono miwili, shavu limebanwa mgongoni, anaimba kitu. Wakafika getini. Mzee akashuka, akatoa simu, akaiweka mbali na macho ili aisome.

"Saa ngapi, Babu?"

"Moja na dakika ishirini na nane."

"Tumeishinda kengele?"

"Tumeishinda kwa mbali."

Apolot akamgeukia Edinah. "Hawa wanafanya nini hapa? Shule si ni Jumatatu?"

"Huyo mzee? Wacha tu, dada. Wiki nzima anafungua shule peke yake. Juzi mvua ilimpata hapo hapo, tukamwita aingie, akakataa. Ati lazima ajue mvua inamchelewesha dakika ngapi."

Apolot akasimama, mkate akausahau kwenye benchi, akavuka barabara.

"Ngapi?" akauliza.

Osukuku akageuka. Aliniambia alitamani kuiegemeza baiskeli lakini geti lilionekana kuwa mbali.

"Ngapi nini?"

"Mvua. Inakuchelewesha dakika ngapi?"

"Kumi na mbili," akasema. "Kwa hiyo siku ya mvua tunatoka saa kumi na mbili na nusu, na yeye ana ile plastiki ya kujifunika. Nimeijaribu. Haivuji."

"Mama!" mtoto akapiga kelele. "Sisi tunafika kabla ya mwenye ufunguo!"

Apolot akamshusha mtoto akamkumbatia, uso ameuficha kwenye ile kofia. Kisha akauliza kutoka huko huko ndani ya kofia, "Na magoti?"

"Yanalalamika. Hakuna aliyeyauliza."

Lori likapita, wakangoja vumbi litue. Na kwenye lile vumbi, pengine kwa sababu hawakuonana vizuri, Osukuku akasema kitu alichokuwa amekikalia zaidi ya miaka ishirini.

"Apolot. Mkono wako ulikuwa unafika. Tangu una miaka sita ulikuwa unafika. Nilikuwa nakushika kiwiko nakuvuta nyuma kidogo. Mbuzi walikuwa wengi."

Alingoja. Vumbi likatua, na binti yake alikuwa anamtazama, macho mekundu lakini mdomo karibu unacheka.

"Nilijua, Papa."

"Ulijua?"

"Nilikuwa nalishika kitandani. Kila siku, mkiwa mmelala. Nalishika, nasema, kesho ataona."

Osukuku akavua kofia yake, akaikunja, akaivaa tena.

"Hee, nyinyi!" Edinah akaita kutoka ng'ambo. "Mkate wenu utaliwa na kunguru! Na chai nimeshamimina tatu, mkija mje, msipokuja mlipe!"

Walikuja. Kwenye benchi, kati ya madereva wawili, Apolot alitoa uamuzi wake huku anamkatia mtoto mkate. Hakusema maneno mengi ya kusamehe, si mtu wa hivyo. Alisema kwamba bebi klasi ya Busia ni nzuri, lakini yeye anatoka sokoni saa moja usiku, na kuanzia saa kumi mtoto angekuwa na jirani ambaye hata jina lake kamili halijui. Hilo alikuwa amelijua tangu Novemba, alikuwa tu na hasira kubwa kuliko hilo.

"Mwaka huu akae na wewe, aje hapa. Cheti nitakifuata Busia mwenyewe, hata kichukue mwaka. Si kwa ajili ya PP1. Ni siku zake kumi, na mimi ndiye nilikuwepo." Akanywa chai. "PP1 ataingia mwakani na wengine. Ukubwa wa miaka mitano si ukubwa wa miaka minane. Hakuna atakayemwita Mama Klasi."

"Hakuna."

"Lakini Papa, ukianza ile ya leo mvua, kesho mgongo, nitasikia. Huyu Edinah nimempa namba yangu."

"Amenipa," Edinah akasema, "na nina airtime."

"Nikisikia umekosa wiki moja, nakuja."

"Njoo hata kama sijakosa," Osukuku akasema.

Apolot hakurudi Busia Jumapili. Alisema anataka kuona Jumatatu kwa macho yake, halafu apande gari la mchana. Jumatatu wakaenda wote, mtoto kwenye baiskeli, Apolot kwa miguu pembeni akikimbia kimbia kwenye mteremko. Walifika na dakika kumi na nane mkononi. Watoto wengine walikuwa wanalia wameshika sketi za mama zao. Asekenye alishuka, akamtazama Mwalimu Benedetta kutoka chini mpaka juu, akauliza, "Leo ufunguo umekuja?" Akaambiwa umekuja. Akaingia bila kugeuka.

Aliyebaki getini ni Osukuku. Mwalimu Benedetta akarudi baadaye kufunga, akamkuta bado amesimama.

"Mzee, sasa unaweza kwenda."

"Ninakwenda."

"Saa sita ndiyo wanatoka."

"Nimesikia." Lakini hakwenda. Alikaa kwa Edinah mpaka saa sita, na Apolot pembeni yake, wanatazama ukuta ambao hauna dirisha upande huo, wakisikiliza kila kilio na kubishana kama ni chake. Hakikuwa chake hata kimoja.

Walifika nyumbani jua likiwa kali. Apolot akapika haraka, ugali na mboga ya kunde, wakala kwenye mkeka sebuleni, mlango wazi. Asekenye alikuwa na habari nyingi. Kuna mtoto anaitwa Quinton, ameng'ata mwingine. Kuna rangi inaitwa zambarau. Uji wa mwalimu hauna mabonge kama wa Babu. Kesho yeye ndiye atashika bakuli la...

"Bakuli la nini?" Osukuku akauliza.

Hakujibu. Alikuwa amelala na kunde mdomoni. Apolot akaitoa kwa kidole, akamsogeza, akajilaza kando yake ili tu mtoto asishtuke.

"Gari ni saa nane, Papa. Uniamshe saa saba na nusu."

"Sawa."

Saa saba na nusu ikafika. Osukuku akawatazama. Mtoto alikuwa ameweka mguu juu ya tumbo la mama yake, na Apolot amefungua kinywa kidogo, kama alivyokuwa akilala siku za mbuzi. Akawaza kwamba liko gari la saa tisa, na la saa kumi, na kwamba mitumba haiozi. Akatoa vyombo, akafukuza kuku mlangoni kwa kunong'ona, akarudi akakaa kizingitini kuwakinga jua kwa mgongo wake. Kesho ni saa moja kasorobo tena. Alianza kuipita njia kichwani, mihogo, kinu, malori, akafika karibu na kinu kidevu kikamshuka kifuani, naye akalala.